Baridi Husimamisha, Moto Huharibu: Majibu Kuhusu Vimeng'enya

Barua za safari hii zimetoka darasani, jikoni, kwenye karo na shambani, na nyingi zinauliza jambo lilelile: mbona kitu kinachofanya kazi vizuri kwa wengine kwangu kinagoma? Kabla ya kujibu moja moja, tuweke msingi.

Karibu vimeng'enya vyote ni protini: mnyororo mrefu wa asidi amino uliojikunja ukapata umbo lake maalumu. Kwenye umbo hilo pana kibonyeo kidogo ambamo dutu huingia, ikavunjwa au ikaunganishwa na nyingine, kisha ikatoka. Kimeng'enya hubaki kilivyokuwa, tayari kupokea dutu nyingine. Baridi hufanya molekuli zikutane kwa uchache, basi kazi inazorota, lakini joto likirudi kazi nayo inarudi. Moto mkali hukunjua mnyororo wenyewe. Kibonyeo kikishapotea, kupoza hakusaidii tena. Tutarudi kwenye tofauti hii mara nyingi, kwa sababu ndiyo inayowaponyoka watu.

Nafundisha Baiolojia katika shule ya upili. Kwenye jaribio la mate na wanga, neli tuliyoiacha mezani ilibaki na rangi ya buluu iliyoiva baada ya dakika kumi, ilhali ile tuliyoitia alkali ilionyesha wanga umekwisha. Vitabu vinasema kinyume. Tulikosea wapi? — Mwalimu, Kayole

Mwalimu, hapa kuna mambo mawili, na la alkali ndilo linalopotosha madarasa mengi. Sodiamu haidroksaidi, ambayo ndiyo alkali ya jaribio hili, humenyuka na ayodini, kipimo cha wanga, na kuiondolea rangi. Mwanafunzi anadondosha ayodini, haoni buluu, anaandika kwamba wanga umemeng'enywa. Wanga upo palepale. Kilichokwisha ni ayodini. Andaa neli nyingine yenye wanga na alkali bila mate. Ikiwa hiyo nayo haitoi buluu, umeshapata ushahidi wa kuwaonyesha wanafunzi. Kwenye neli yenye mate, chukua matone machache ya mchanganyiko, uyaweke kwenye kigae, uongeze asidi haidrokloriki hafifu tone kwa tone hadi karatasi ya litimasi isigeuke tena kuwa ya buluu, ndipo udondoshe ayodini.

Mtego wa pili unafanana na huo. Ayodini hutoa buluu kwa sababu hujipenyeza ndani ya mnyororo wa wanga uliojizungusha. Wanga ukiwa wa moto sana, ayodini hutoka na rangi hupotea, kisha hurudi wanga ukipoa. Kwa hiyo usidondoshe ayodini ndani ya neli iliyotoka kwenye maji ya nyuzi 80. Toa tone, liache lipoe juu ya kigae, kisha pima.

Sasa ile neli ya mezani. Chumba cha darasa Nairobi mara nyingi kina nyuzi 20 hivi, na mwezi Julai huwa chini ya hapo. Vimeng'enya vingi huongeza kasi takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, hadi vifike kwenye joto vinalolimudu. Kazi inayochukua dakika 4 katika nyuzi 37 itachukua kama dakika 13 katika nyuzi 20. Mlisimama dakika ya kumi, na amilesi, kimeng'enya cha mate kinachokata wanga, ilikuwa bado kazini.

Fanyeni hivi. Koroga gramu 1 ya wanga na maji baridi kidogo mpaka iwe kama rojo, imimine ndani ya maji yanayochemka, koroga, acha ipoe, kisha ongeza maji ifike mililita 100. Tayarisha wanga siku ileile, maana uliolala hugandamana na kutoa majibu yasiyotabirika. Kila mwanafunzi asuuze mdomo kwanza, kisha azungushe mililita 10 za maji mdomoni kwa dakika moja na kuyatema kwenye bika. Kama maji ni yaliyokenekwa, yatie chumvi kidogo, gramu 0.5 kwa mililita 100, kwa kuwa amilesi ya mate huhitaji ayoni za kloridi ili ifanye kazi kwa nguvu zake zote. Changanya mililita 5 za wanga na mililita 1 ya mate hayo. Kila baada ya sekunde 30 toa tone moja uliweke juu ya tone la ayodini kwenye kigae cheupe. Rangi itatoka buluu iliyoiva, ipite kwenye zambarau na hudhurungi, ibaki njano ya ayodini. Kusanya majibu kwenye kigae tu, usitie ayodini ndani ya neli inayoendelea na kazi.

Kama hamna chombo cha umeme cha kuhifadhi joto, kikombe kimoja cha maji yanayochemka na vikombe vitatu vya maji ya mfereji hutoa nyuzi 38 hivi. Hesabu hiyo ni ya Nairobi: kwa kuwa jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kwa neli ya mate yaliyochemshwa, hizo 94 kwa dakika 5 zinatosha kabisa kuiharibu amilesi. Kinachoharibu majaribio mengi ni ile sufuria "ya nyuzi 37" inayoachwa juu ya moto mpaka ikapita 60 bila mtu kuangalia kipimajoto.

Neli ya asidi, kwa upande wake, itabaki buluu kweli. Amilesi ya mate hupendelea pH (kipimo cha uasidi) iliyo karibu na 7, na ndiyo maana ikifika tumboni, ambako pepsini, kimeng'enya cha protini, inafanya kazi kwenye pH 2 hivi, shughuli yake hukatika. Vyombo vilivyoguswa na mate vitiwe kwenye maji yenye dawa ya klorini kabla ya kuoshwa.

Tukiweka ini kwenye haidrojeni peroksaidi, povu hufurika kisha hukoma. Je, kimeng'enya kimekwisha? Na nikiendelea kuongeza peroksaidi, kasi itapanda tu? — Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Eastleigh

Hakijaisha. Mwaga kioevu cha juu, tia peroksaidi mpya kwenye kipande kilekile, na povu litaanza tena. Kilichokuwa kimekwisha ni peroksaidi, iliyovunjwa ikawa maji na oksijeni. Molekuli moja ya katalesi, kimeng'enya hicho cha ini, huweza kuvunja mamilioni ya molekuli za peroksaidi kwa sekunde moja, ndiyo maana kipande cha ukubwa wa sentimita 1 kinamaliza mililita 5 upesi hivyo. Ukitumbukiza kijiti chenye kaa jekundu juu ya povu, kitawaka.

Kuhusu kasi, tofautisha vitu viwili. Ukiongeza kimeng'enya huku dutu ikiwa tele, kasi hupanda sawia. Ukiongeza dutu huku kimeng'enya kikiwa kilekile, kasi hupanda mwanzoni, halafu mchoro unalala, kwa kuwa kila kibonyeo kimeshikwa na molekuli zilizobaki zinangoja zamu. Leonor Michaelis na Maud Menten ndio walioiwekea hali hiyo mlinganyo maarufu, mwaka wa 1913. Mtihani ukikupa mchoro uliolala, usiandike "kimeng'enya kimechoka". Andika kwamba vibonyeo vyote vimejaa na kwamba sasa wingi wa kimeng'enya ndio unaozuia kasi.

Utakutana pia na mfano wa ufunguo na kufuli, uliotolewa na Emil Fischer mwaka wa 1894. Unasaidia kueleza kwa nini katalesi haigusi wanga. Lakini usiishie hapo: Daniel Koshland alipendekeza mwaka wa 1958 kwamba kibonyeo hujirekebisha kidogo kikaikumbatia dutu inapoingia.

Tumia peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa kwenye duka la dawa. Iliyo kali zaidi huchoma ngozi na huweza kuiharibu katalesi yenyewe. Ini lililopondwa hutoa povu haraka kuliko kipande kizima kwa kuwa seli nyingi zimepasuka, na lililochemshwa halitoi kitu. Lililotoka kwenye friji litatoa povu, taratibu zaidi. Unaona mwenyewe tofauti ya baridi na moto.

Mtoto wangu wa miezi tisa anasukuma uji mzito, na nikiuzimua kwa maji naona hashibi. Nimeambiwa niweke kimea cha wimbi, lakini nikikitia jikoni uji unabaki vilevile. — Mama wa watoto wawili, Umoja

Mama, umeambiwa jambo zuri, ila kuna hatua moja iliyoachwa. Unga ukipikwa, chembe za wanga hunyonya maji na kufura, na hapo ndipo uzito wa uji unapotoka. Ukizimua kwa maji unajaza tumbo dogo la mtoto kwa chakula kidogo. Kimea kina amilesi ambayo mbegu hujitengenezea inapochipuka, na amilesi hiyo hukata minyororo ya wanga, basi uji unalegea bila kuongezewa maji. Mtoto anapata unga mwingi katika kikombe kilekile.

Ukitia kimea kwenye uji unaotokota, amilesi inaharibika kabla haijakata chochote. Amilesi ya kimea hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 60 na 70, na juu ya 80 hudumu muda mfupi sana. Kwa hiyo pika uji wako mzito mpaka uive kabisa, uepue, uache mpaka utulie huku ukitoa mvuke. Kwa sufuria ndogo ni kama dakika 5 hadi 10. Tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea kwa kila kikombe cha uji, koroga bila kuacha. Utauona ukilegea mbele ya macho yako: mwiko uliokuwa unasimama unaanza kuanguka ubavu. Ukiridhika, rudisha jikoni uchemke tena dakika chache.

Tafadhali usiruke uchemshaji huo wa pili. Mbegu zilizochipuka kwenye unyevu kwa siku mbili huwa na vijidudu vingi, na kimea kilichowekwa baada ya kuepua hakijapikwa. Pia ndio unaosimamisha amilesi, la sivyo uji utaendelea kulegea kwenye chupa mpaka uwe kama maji.

Kutengeneza kimea: chagua wimbi safi la kupanda lisilotiwa dawa, lioshe, uliloweke usiku kucha, kisha ulichuje na kulitandaza kwenye kitambaa safi chenye unyevu, mahali penye kivuli. Linyunyizie maji asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili hivi mizizi midogo itaonekana wazi. Lianike juani likauke kakaka, likwangue kwa viganja mizizi itoke, upepete, kisha upeleke kwenye posho mill. Likinuka uvundo au kuota ukungu, tupa lote. Sumu za ukungu haziondoki kwa kupika. Na shikilia wimbi badala ya mtama: machipukizi ya mtama yana kiwanja kinachoweza kutoa sianidi. Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita jibu ni maziwa ya mama peke yake.

Nauza sharubati. Nanasi na maziwa nikivisaga pamoja huwa vitamu dakika za kwanza, halafu vinachacha na kuwa vichungu. Maziwa ni mabichi ya leo. — Mwenye kibanda, Ngara

Ndugu, maziwa hayana kosa. Nanasi bichi lina bromelaini, kimeng'enya kinachokata protini, na protini ya maziwa ikikatwa hutoa vipande vichungu. Asidi ya nanasi nayo inayagandisha. Kuweka barafu kunachelewesha tu. Katakata nanasi, lichemshe polepole mpaka vipande vya katikati vipate moto kabisa, dakika 5 hivi, lipoe, ndipo usage na maziwa. Nanasi la kopo halina shida hiyo kwa sababu limeshapikwa kiwandani. Usipotaka kupika, saga na maji na umuuzie mteja papo hapo.

Papai, hasa lisiloiva, hufanya vilevile. Na tangawizi pia, jambo ambalo wapika chai wengi hulilaumu kwa muuza maziwa. Tangawizi mbichi ikiingia kwenye maziwa yanayopata moto polepole, kimeng'enya chake huyakatisha kabla hayajachemka. Chemsha tangawizi na maji na majani ya chai kwanza, itokote, kisha mimina maziwa.

Nikipaka nyama ya mbuzi papai usiku kucha, nje inakuwa kama ugali laini na ndani ni ngumu vilevile. — Mchoma nyama, Dagoretti

Papaini, kimeng'enya cha kukata protini kilicho kwenye utomvu wa papai bichi, haipenyi ndani, inakula pale ilipopakwa. Saa nyingi zinaharibu milimita chache za juu na kukiacha kiini. Dawa ni kuifungulia njia: kata vipande vyembamba vya sentimita 2 hadi 3, uvichome kwa uma pande zote, tumia kijiko kimoja cha chakula cha papai bichi lililokunwa kwa kilo moja, upake sawasawa na uache nusu saa hadi saa moja, basi. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika nyama inapopata joto, kwa kuwa papaini huvumilia mpaka nyuzi 70 hivi. Ukianza na moto mkali nje inaungua, papaini inaharibika na ndani hapajafikiwa. Anza mbali na makaa, malizia karibu.

Ndimu kidogo haina neno, ila ukiimwaga nyingi asidi inapunguza kasi ya papaini. Kwa paja zima, papai halifai kabisa. Lipike kwanza taratibu, kisha lipitishe motoni. Na utomvu wa papai huula mkono unaoukuna: vaa glavu.

Sabuni ya unga imeandikwa ina vimeng'enya, lakini madoa ya damu na chakula hayatoki hata nikimwagia maji ya moto. — Msomaji, Pipeline

Hayo maji ya moto ndiyo tatizo, mara mbili. Yanagandisha protini ya damu kwenye uzi, na yanaharibu vimeng'enya vya sabuni. Loweka damu kwanza kwenye maji baridi bila sabuni, uyamwage. Kisha changanya kikombe kimoja cha maji yanayochemka na vitatu vya mfereji, tia sabuni, loweka nusu saa au zaidi. Kama huna njia ya kuchemsha maji, baridi itafanya kazi ukiiachia muda, hata usiku mzima. Klorini isichanganywe humo, ije baada ya kusuuza, na kwenye nguo nyeupe za pamba tu. Sufu na hariri ni protini, kwa hiyo sabuni yenye protiesi, yaani kimeng'enya cha kukata protini, itazila nazo.

Kijana anayeninyunyizia dawa ya wadudu kwenye sukuma alipata jasho jingi, mate kumtiririka na macho kuona ukungu. Daktari alitaja kimeng'enya. Kinahusianaje? — Mkulima, Ruai

Kinahusiana moja kwa moja. Neva zikiamrisha msuli hutoa asetilikolini, na kimeng'enya kiitwacho asetilikolinestaresi huivunja papo hapo ili msuli upumzike. Dawa za jamii ya organofosfeti na kabameti hujibandika kwenye kibonyeo cha kimeng'enya hicho. Amri haikomi: mate, jasho, machozi, mboni ndogo kama nukta, kutapika, misuli kucheza, na mwishowe pumzi kushindikana. Kabameti huachia yenyewe baada ya muda. Organofosfeti isipong'olewa mapema hushika moja kwa moja, na mwili unalazimika kutengeneza kimeng'enya kipya, kazi ya wiki kadhaa. Ndiyo sababu kijana huyo asishike bomba tena hadi daktari amruhusu. Dozi ndogo inayofuata itakuta akiba yake imepungua, na kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kimesalia kiasi gani.

Likitokea tena: mtoe kwenye dawa, mvue nguo zote, umwoshe ngozi na nywele kwa sabuni na maji mengi huku wewe umevaa glavu, usimtapishe, umkimbize hospitali pamoja na chupa au lebo yake. Atropini hutuliza dalili na pralidoksimu huweza kukiokoa kimeng'enya, lakini hiyo ya pili ina thamani zaidi kadiri inavyotolewa mapema. Bomba linalovuja mgongoni ni hatari kuliko watu wanavyodhani, maana dawa hizi hupita kwenye ngozi.

Vipande vya kupimia sukari ninavyovibeba garini vinanipa majibu yasiyolingana na ya kliniki. — Mzee, Buruburu

Mzee wetu, kila kipande kina kimeng'enya kilichokaushwa kinachoshughulikia glukosi, na gari lililoegeshwa juani hupita nyuzi 40 kwa urahisi, wakati lebo nyingi zinaweka mwisho nyuzi 30. Unyevu nao huviharibu: visitolewe kwenye kopo lake na kuwekwa mfukoni, kifuniko kifungwe mara moja, mikono iwe mikavu na isiwe na sukari ya tunda. Nunua kioevu cha majaribio kinacholingana na mashine yako, dondosha tone kwenye kipande, na ulinganishe na kiwango kilichochapishwa kwenye kopo. Jibu likitoka nje ya kiwango, rudia kwa kipande cha pili. Likitoka nje tena, tupa kopo zima, na usibadilishe dozi ya insulini kwa majibu ya vipande hivyo.